Fabrizia Pons, mwandishi wa barabara

Jumamosi moja ya kiangazi hiki, mtoto wa kaka yangu, ambaye ni fundi wa magari hapa Dodoma na ambaye kwa miaka kadhaa sasa kila shilingi inayobaki mfukoni mwake huishia kwenye mashindano ya magari ya rali huko Morogoro na Iringa, alikuja nyumbani kwangu Nkuhungu akiongozana na binti mwembamba aliyelishika daftari kifuani kama mwanafunzi anayekwenda kufanya mtihani. Waliniamkia, nikawapa maji ya kunywa, na kabla sijamaliza kuuliza habari za nyumbani kijana akanieleza kilichomleta. "Shangazi, huyu ndiye msoma ramani wangu mpya. Naomba umfundishe hati mkato."

Nilisomea uhazili Tabora, na kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni ya watu wanaozungumza, kuyanasa maneno yao kwa penseli katika hati mkato, yaani alama fupi za kuandika upesi kama mtu anavyosema, na kuwarudishia yakiwa yamenyooka. Niliandika mihtasari ya vikao vingi, na katika mihtasari yote hiyo jina langu halimo, kwa sababu desturi ya ofisi niliyoitumikia ilikuwa kumtaja mwenyekiti na katibu wa kikao, na aliyeshika penseli hakuwa yeyote kati ya hao. Sikuwahi kulalamika, lakini pia sikuwahi kusahau. Kwa hiyo kijana aliponieleza kwamba katika mchezo wao yupo mtu ambaye kazi yake ni kuandika yanayosemwa na dereva na kumsomea tena kwa wakati wake, kwamba jina la mtu huyo huandikwa ubavuni mwa gari pamoja na la dereva, na kwamba wakishinda hupokea vikombe wote wawili, nilitaka kwanza kuijua kazi hiyo kupitia kwa mtu aliyeifanya vizuri sana, ndipo nimfundishe binti huyu chochote.

Kwa hesabu ya ushindi jibu ni rahisi. Daniel Elena wa Monako alikaa pembeni ya Sébastien Loeb wakachukua ubingwa wa dunia mara 9 mfululizo, kuanzia 2004 hadi 2012, na kwa pamoja walishinda raundi 79 za dunia, yaani mashindano mojamoja yanayounda msimu wa ubingwa, idadi ambayo hakuna msoma ramani mwingine aliyeifikia. Nyuma yake yupo Mfaransa Julien Ingrassia, aliyechukua ubingwa mara 8 akiwa na Sébastien Ogier na kustaafu mwishoni mwa 2021, mwaka uleule ambao wawili hao walishinda Safari Rally iliporejea katika ratiba ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Niliwasoma wote wawili kwa heshima. Hata hivyo nilipofika kwa Mwitaliano mmoja, Fabrizia Pons, nilisimama hapo, na tangu usiku ule nimekuwa nikimsoma yeye.

Pons alizaliwa mwaka 1955 huko Turin, mji wa Fiat, na kabla ya kujulikana kwa daftari alikuwa akishika usukani mwenyewe katika mashindano ya nchini kwao. Mwaka 1981 alihamia kiti cha pembeni cha Michèle Mouton, Mfaransa aliyekuwa ameajiriwa na Audi kuendesha Quattro, gari jipya lenye injini ya turbo ambalo magurudumu yake yote manne yalisukumwa na injini, wakati washindani wake wengi walikuwa bado wakitegemea mawili tu. Hapa kwetu ukimwambia mtu kwamba fulani ameacha kuendesha na sasa anakaa pembeni, atadhani ameshushwa cheo. Mimi ninaona kwamba ujuzi wa Pons ulianzia hapo hasa. Aliyewahi kushika usukani katika mwendo ule anajua ni neno gani dereva analihitaji na ni lipi litakalomsumbua, na anajua pia ni wakati gani hasa neno hilo linapaswa kumfikia sikioni.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo wa 1981 walishinda Sanremo, nchini Italia, mbele ya Henri Toivonen wa Ufini. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa dereva mwanamke kushinda raundi ya mashindano ya dunia, na hadi ninapoandika haya Mouton ndiye pekee aliyewahi kufanya hivyo. Wanaosimulia habari hiyo humtaja yeye peke yake, nami simpunguzii sifa hata kidogo, lakini ninapenda ikumbukwe kwamba viti vyote viwili vya gari lile vilikaliwa na wanawake, na kwamba kila kona aliyoipita Mouton kwa kasi bila kuuona mwisho wake ilikuwa imeshaandikwa daftarini na kutamkwa na Pons kabla gari halijaifikia.

Hapo inafaa nieleze kazi yenyewe, kwa maana nilikuwa nikiidhania vingine, na jina tunalolitumia linachangia kupotosha. Tunamwita "msoma ramani", na kwa Safari ya miaka ya 1950 na 1960, wakati mashindano hayo yalipokuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, jina hilo lilikuwa na haki yake, kwa kuwa mtu angeweza kweli kupotea porini usiku. Siku hizi njia inajulikana. Siku chache kabla ya mashindano, dereva na mwenzake hupewa nafasi ya kuipita kila sehemu ya mbio kwa mwendo wa kawaida, kwa kawaida mara mbili. Katika mara ya kwanza dereva huitazama barabara na kutamka anachokiona: kona ni ya upande gani, kali kiasi gani, inafunguka au inakaza, baada yake kuna mita ngapi hadi kona nyingine, wapi kuna kilele kinachoficha kilicho ng'ambo, wapi kuna jiwe ndani ya kona ambalo ukilikata litakung'oa gurudumu. Wa pembeni huandika yote hayo kwa penseli wakati gari likitikisika. Katika mara ya pili yeye ndiye husoma, na dereva husahihisha. Siku ya mbio, wakiwa wamevaa kofia ngumu zenye vipaza sauti ili wasikilizane katika kelele za injini, anamsomea dereva barabara ambayo bado haijaonekana, na dereva anaendesha kwa kuamini.

Kwa hiyo mtu huyu huandika kwanza, na kile anachokisoma baadaye ni mwandiko wake mwenyewe. Kama ningeulizwa, ningemwita mwandishi wa barabara.

Nirudi kwa Pons. Mwaka 1982 yeye na Mouton walishinda Ureno, wakashinda Acropolis ya Ugiriki, ambayo inajulikana kwa mawe yanayovunja magari, kisha wakashinda Brazili. Walipofika Kodivaa karibu na mwisho wa msimu ubingwa ulikuwa bado unawezekana, na aliyekuwa mbele yao kwa pointi alikuwa Mjerumani Walter Röhrl katika Opel Ascona, na pembeni yake Christian Geistdörfer. Kabla tu ya mashindano kuanza Mouton alipata habari kwamba baba yake amefariki. Waliondoka hata hivyo, wakaongoza, wakati fulani kwa zaidi ya saa nzima, kisha gari likaanza kuleta hitilafu, muda waliokuwa wameuweka akiba ukayeyuka, na mwishowe wakapata ajali wakiwa katika kuukimbilia ubingwa uleule. Röhrl akawa bingwa. Mouton alimaliza wa pili duniani, na Audi ikachukua ubingwa wa watengenezaji.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara akili yangu huenda kwenye kiti cha pembeni. Niliwahi kuandika barua kwa kusomewa na mkuu wangu wa kazi asubuhi aliyopata taarifa ya msiba wa mama yake. Alikataa kwenda nyumbani kabla barua ile haijaondoka. Alikuwa akianza sentensi na kuiacha katikati, akitazama dirishani, nami niliendelea kuishika penseli juu ya karatasi bila kuinua macho, kwa sababu nilijua kwamba nikiinua macho yetu yatakutana na barua haitamalizika. Pale alipoacha pengo nilijaza neno ambalo miaka ya kumsikiliza ilikuwa imenifundisha kwamba angelisema. Barua ilikuwa kurasa mbili. Pons alikuwa na maelfu ya kilomita, tena kwa kasi ambayo kosa lake moja lingeweza kuwaua wote wawili. Anayesoma katika hali ya namna hiyo hana ruhusa ya kulia kwanza.

Mwaka uliofuata, 1983, walikuja Afrika Mashariki na kumaliza wa 3 katika Safari Rally aliyoshinda Ari Vatanen katika Opel, akiwa na Terry Harryman, huku Hannu Mikkola na Arne Hertz wa Audi wakishika nafasi ya 2. Safari ya miaka ile haikuwa na barabara zilizofungwa. Magari ya mashindano yalitumia barabara moja na malori, baiskeli na mifugo, na noti za msoma ramani, yaani maandishi yake ya kona, hazikuweza kumwambia kama nyuma ya kilele kuna kundi la ng'ombe lililofika dakika tano zilizopita. Ninaposema hivyo ninaifikiria barabara ya zamani ya Kondoa, kabla ya lami, ambayo marehemu baba aliipita miaka mingi akiwa utingo wa lori la karanga na alizeti.

Baba alikuwa mpenzi wa Safari. Alitusimulia habari za Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda mwaka 1966 na akashinda tena 1967 kwa Peugeot 404, na alizisimulia kana kwamba alikuwa amekaa buti la gari lile. Mwaka huu, nikiwa na umri nilio nao, ndipo nilipojua kwamba pembeni ya Shankland katika ushindi wote wawili alikuwapo Chris Rothwell. Sikumbuki kumsikia baba akilitaja jina hilo hata mara moja. Na baba mwenyewe alikuwa utingo! Ndiye aliyeteremka kuweka kigingi gurudumu lisirudi nyuma, ndiye aliyeingia kwenye korongo kwa miguu kupima kama mchanga utabeba lori, ndiye aliyempigia dereva kelele ya kushoto na kulia wakati wa kurudi nyuma usiku, na lori lilipofika salama Dodoma watu walimsifu dereva. Nadhani alikuwa amezoea mno hata asione kwamba katika hadithi aliyoipenda kuliko zote kulikuwa na mtu wa aina yake.

Sasa habari za binti. Somo la kwanza tulilifanya chini ya kichanja cha mizabibu nyuma ya nyumba, na nilianza kwa kujiamini. Hati mkato niliyofundishwa mimi ni ya Pitman, ambayo hutofautisha sauti kwa unene wa mstari: mstari mwembamba ni "p", mstari uleule ukikolezwa ni "b". Binti ana mkono mwepesi na alizishika alama za kwanza kwa saa moja na nusu. Kisha kijana akatuambia tupande pikapu yake, akatupeleka kwenye njia ya vumbi ya nyuma ya Hombolo kwa mwendo wa kawaida kabisa, akaanza kutamka kona, nami nikaandika kwanza ili binti aone inavyofanyika. Tuliposimama nililitazama karatasi langu. Kila mstari ulikuwa mnene mahali pasipostahili, kwa sababu penseli ilikuwa imekandamizwa na matuta ya barabara na si na mkono wangu, na hapakuwa na njia ya kujua kama nilikusudia hiki au kile. Ujuzi wa miaka 31 ulikuwa umetenguliwa na kilomita nne. Nilimwambia binti ukweli, kwamba hati mkato yangu haimfai, na kwamba tutafute alama ambazo hazipotezi maana zikitikisika: namba kubwa, mishale, na herufi za mwanzo zilizotenganishwa vya kutosha.

Namba wanazotumia ni 1 hadi 6. Kona ya 1 ni ile ya kujipinda kabisa, na ya 6 ni ile ambayo dereva haondoi mguu kwenye mafuta. Wapo madereva duniani wanaozigeuza, 1 ikawa ndiyo ya kasi, na hakuna ubaya wowote mradi wawili hao wamekubaliana. Lakini nilipomsikia binti akisoma kwa sauti niligundua tatizo jingine ambalo wao, kwa kulizoea, hawakuwa wameliona. Walikuwa wameamua kuachana na Kiingereza na kutumia lugha yao, jambo nililolipenda sana, kwa maana mtu anayepewa onyo anapaswa kulipata katika lugha ambayo hushtuka nayo. Isipokuwa kwamba "kushoto" na "kulia" yote mawili huanza na "ku". Kwa mtu aliyekaa sebuleni hilo si kitu. Kwa dereva aliye kwenye kona, silabi ile ya kwanza haimwambii chochote, na anabaki akiisubiri ya pili ili ajue pa kuelekeza gari. Tulijaribu "kuume", nayo ikawa na kasoro ileile. Mwishowe tulikata kichwa cha maneno yote mawili, tukabaki na "shoto" na "lia". Shoto tano. Lia tatu, inakaza. Niliposikia "lia" kwa mara ya kwanza ikitamkwa hivyo nilihisi uzito fulani, lakini kijana alisema tangu sekunde ya kwanza anajua ni upande gani, na hilo ndilo lililokuwa likitafutwa.

Kitu ambacho hati mkato ilinifundisha na ambacho kilimfaa binti kweli ni kukaa nyuma ya mzungumzaji kwa nusu sentensi. Mwandishi anayeandika neno papo hapo linapotoka huchanganyikiwa mzungumzaji akijisahihisha, na anayekaa nyuma mno hupoteza. Kuna umbali fulani katikati ambao masikio huuzoea kwa mazoezi. Katika gari mambo hugeuka: wakati wa kusoma unatakiwa kuwa mbele ya dereva kwa umbali wa namna hiyohiyo, kona moja au mbili. Ukisoma mapema mno anasahau, na ukichelewa ameshaingia. Tena msoma ramani hukaa chini zaidi ya dereva na macho yake yako daftarini, kwa hiyo hujua mahali walipo kwa kuhisi gari linavyoinama, linavyofunga breki na linavyotua. Binti aliniambia kwamba anapopotea katika ukurasa hujitafuta kwa mgongo kabla ya kujitafuta kwa macho.

Jambo jingine lililonivutia, pengine kwa sababu ya ofisi, ni saa. Kati ya sehemu moja ya mbio na nyingine magari hupita barabara za kawaida, yakiheshimu sheria za usalama barabarani, na kila gari lina dakika yake ya kujitokeza kwenye kituo cha kusaini kadi ya muda. Ukichelewa, katika mashindano ya dunia, unaadhibiwa sekunde 10 kwa kila dakika. Ukiwahi unaadhibiwa dakika nzima kwa kila dakika. Kadi hiyo ni dhamana ya wa pembeni, na makosa yake ya hesabu yanaweza kufuta kazi yote ya dereva. Mimi niliyelelewa katika vikao vya saa 3 vinavyoanza saa 4 na nusu niliipenda kanuni hiyo kwa moyo wote.

Mouton alistaafu mashindano ya dunia mwaka 1986. Hapo ndipo wengine wangetegemea jina la Pons lizimike, kwa kuwa ni kawaida kuwafikiria watu wa pembeni kama kivuli cha dereva wao, nalo halikuzimika. Alikaa na madereva wengine, miongoni mwao Vatanen yuleyule aliyewashinda katika Safari, na mwezi Januari 1997, miaka zaidi ya 15 baada ya Sanremo, alishinda Monte Carlo pamoja na Mwitaliano mwenzake Piero Liatti katika Subaru Impreza. Huo ndio ushindi pekee wa Liatti katika mashindano ya dunia.

Ninauthamini ushindi huo kuliko ule wa Sanremo, na sababu yangu ni Monte Carlo yenyewe. Ni mashindano ya milimani, majira ya baridi, ambako lami inaweza kuwa kavu upande wa jua, imeloa kivulini, na imefunikwa na barafu nyuma ya mwamba unaofuata, vyote ndani ya kilomita moja. Noti zilizoandikwa siku za nyuma hazitoshi. Timu hutuma watu wao wapite njia saa chache kabla ya mbio na kuleta taarifa za barafu, na msoma ramani huziingiza katika daftari lake kwa alama na rangi, mara nyingi kwa haraka, bila kuharibu kilichokuwapo. Kisha husoma tabaka mbili kwa pumzi moja: umbo la kona, na hali yake asubuhi hiyo. Anayejua kuandika juu ya maandishi ya zamani bila kujichanganya ataelewa ugumu wake. Nimewahi kuona rasimu za nyaraka zikiharibika kwa masahihisho machache kuliko hayo, na ofisini hatukuwa tukitembea juu ya barafu.

Baada ya hapo alihamia pia jangwani. Mwaka 2005 alimaliza wa 3 katika mashindano ya Dakar akiwa na Mjerumani Jutta Kleinschmidt katika Volkswagen, na huko kazi ni nyingine kabisa, kwa sababu hakuna noti za kona na mtu hurudi kwenye dira, mwelekeo na alama za ardhi. Alikuwa na umri wa karibu miaka 50. Dereva wake wa kwanza mkubwa alikuwa Mfaransa, wa Monte Carlo Mwitaliano, wa Dakar Mjerumani, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuitazama barabara ambayo Pons alilazimika kujifunza upya kama mtu anavyojifunza lafudhi ya ukweni.

Ilipita miaka 25 kamili kabla mwanamke mwingine hajashinda raundi ya dunia katika kiti chochote kati ya viwili hivyo. Ilikuwa Monte Carlo tena, Januari 2022, pale Isabelle Galmiche, Mfaransa ambaye ni mwalimu wa hisabati, aliposhinda akiwa pembeni ya Loeb katika Ford Puma, kwa tofauti ya sekunde 10.5 dhidi ya Ogier aliyepata pancha mbio zikielekea ukingoni. Nilipomsomea binti habari hiyo aliniuliza kama mwalimu huyo aliomba ruhusa kazini. Sikuwa na jibu, lakini nililiona swali lake kuwa la mtu anayeanza kuipanga safari yake.

Jumapili ya tatu tulirudi Hombolo, safari hii binti akiandika na mimi nikiwa kiti cha nyuma nimenyamaza. Waliipita njia ile mara mbili. Katika mara ya pili alipindua kurasa mbili kwa pamoja, zilikuwa zimegandana kwa jasho la kidole, akasoma "lia nne" mahali ambapo mbele yetu kulikuwa na kona ya kushoto inayoshuka korongoni. Kwa mwendo ule wa kawaida kijana alisimamisha gari bila taabu. Hakumkemea. Alisubiri kimya, binti akafumba macho kidogo, akarudisha ukurasa mmoja, akasema, "Shoto mbili, inashuka, mchanga," nao wakaendelea. Usiku huo alikunja kona ya chini ya kila ukurasa, mmoja mmoja, ili zisigandane tena.

Kabla hawajaondoka kwenda Iringa alikaa mezani kwangu akayanakili maandishi yote upya kwa mwandiko safi, chini ya taa, kwa muda uliozidi saa mbili. Alipomaliza aliniomba nimsomee nimpime. Nilivaa miwani, nikafungua ukurasa wa kwanza, naye akaegemea kiti na kufumba macho, mikono ikiwa juu ya magoti.

"Shoto tano, mia na hamsini," nilisoma.

"Hapo tumeupita mbuyu wenye mzinga wa nyuki."

"Lia tatu, inakaza, usikate."

"Lile jiwe. Mama, soma upesi kidogo, dereva ameshaliona."

Niliongeza kasi. "Themanini, kilele, shoto nne, inafunguka, mia mbili."

"Hapo ndipo mbuzi walipovuka," alisema, na mkono wake wa kushoto ukasogea gotini, ukapindua ukurasa ambao haukuwapo.